Mguu wangu si picha ya kuombana inboksi

Bwana Mhariri,

Naandika hii nikiwa foleni ya feri upande wa Likoni na chaji yenyewe yaisha kwa hivyo nikiruka herufi mnisamehe. Wiki ilopita mlitoa barua ya msomaji wenu alosema wanaume wanaowatafuta wanawake walemavu huko mitandaoni wote ni wagonjwa na wapelekwe wakapimwe akili. Nlipoisoma mara ya kwanza nikasema ahsante, kuna mtu ametusemea. Nikairudia usiku nimelala nikajiuliza sasa huyu bwana amenitetea ama amenitukana? Manake kama mwanamume akinitaka lazima awe na kichaa, basi mimi ndo kitu gani.

Mimi ni fundi cherehani, Mtongwe. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti 2016, bodaboda na lori, sitaki kuirefusha hio hadithi manake kila abiria wa matatu ashanihoji. Natembea na mguu wa bandia, siku ukinichubua naenda na magongo, na hapa feri siku za magongo lazima atokee mtu anitie shilingi 20 mkononi kabla hata hajanisalimia, nami niko na mkoba umejaa madera ya wateja naenda kuyapeleka Marikiti. Hio nshaizoea. Siku hizi narudisha nasema ahsante mpe mwengine.

Ya mitandaoni ndo sijaizoea. Tulikuwa na grupu yetu ya WhatsApp, akina dada tu, wengine wa Kisauni, wengine Mtwapa, wengine mpaka Malindi, tunaambiana soksi za mguu wa bandia zapatikana wapi, vidonda vyatibiwaje, na vile mguu usiokuwepo huwasha saa tisa usiku ukataka kuukuna ukakuta godoro (ambaye hajakatwa hawezi kuelewa hio, na sisi hucheka sana). Akaingia mmoja akasema naye amekatwa, juu ya goti, anaona haya kutoka nje. Tukamkaribisha. Tukamliwaza jamani, mpaka dua tukamuombea. Baada ya wiki kama tatu akaanza, dada zangu nitumieni picha nione vigutu vyenu, hicho kipande cha mguu kilobaki, vilivyopona nipate moyo, na bila kitambaa ndo nione vizuri, na mmoja mmoja inboksi, wako umebaki mrefu kiasi gani, ukipanda ngazi unarukaje, una video? Nikatuma. Ndio, mimi huyu mjanja wa mjini nilituma, kigutu changu kiko juu ya kiti cha cherehani na nyuma yaonekana leso ya mamangu imeanikwa.

Baada ya miezi dada mmoja akatuletea skrinshoti. Picha zetu ziko kwenye peji ya Facebook zimepangwa kama vitambaa dukani, juu ya goti huku, chini ya goti huku, na chini yake komenti za wanaume, zengine kwa lugha hata hatuzijui. Ile leso ya mamangu ndo nilioijua kwanza, kabla ya mguu. Yule “dada” akajitoa siku ile ile na namba ikazimwa. Kuna mwenzetu aliyekuwa ndo kwanza anaanza kutoka nyumbani, akarudi ndani, na grupu akaiacha, na simu zetu hapokei mpaka leo. Mimi hilo sijasamehe.

Sasa mtasema basi msomaji wenu alikuwa na haki. Ngojeni.

Kuna bwana mmoja, kazi yake bandarini, alikuja dukani kupunguza suruali. Suruali ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka nikamuuliza wewe huku wapungua ama ni nini, kila wiki suruali. Akanitaka kwa heshima, akajitaja jina na kwao, akaenda kwa mamangu akakaa ukumbini kwenye mkeka akanywa kahawa chungu bila kukunja uso. Miezi imepita, posa iko njiani, siku moja akaniambia nina jambo sitaki ulijue baadaye. Kwamba mara ya kwanza kuniona ilikuwa feri, nashuka na magongo, na ule mwendo na ule mguu ndo vilimvutia, na kwamba amekuwa hivo tangu barobaro, hajui kwa nini, na hajawahi kumwambia mtu kwa kuogopa ataitwa mwendawazimu.

Nilimnyamazia siku tatu. Ijumaa pilau nilimpelekea imepoa makusudi. Nliona ni wale wale, kumbe nao huja na suruali! Nikawaambia wenzangu wa grupu nao wakasema kwa sauti moja huyo mgonjwa huyo, mwache. Na hapo ndo nikashtuka, manake ni neno lile lile la msomaji wenu. Nikafikiria, hapa kwetu pwani mwanamume akipenda mwanya atungiwa taarabu, akipenda mwanamke mnene akipenda shingo ndefu akipenda macho ya kurembua, hakuna anayempeleka kwa daktari, wasema kipenda roho hula nyama mbichi na mambo yaishia hapo. Mguu wangu ukipendwa ndo iwe ugonjwa? Huyu bwana hakuniomba picha hata moja. Hakujifanya amekatwa. Alijua jina langu na bei zangu na maneno ya mamangu kabla ya kujua urefu wa kigutu, na hicho hajawahi kuuliza. Na barabarani hutembea na mimi mchana, mkono kwa mkono, kuna wengine nawajua waja usiku tu na kwa ndugu zao hawakutaji, hao hata kama hawajaomba picha nawaweka fungu moja na yule mwizi wa leso.

Kuna mama wakili tulikutana naye kwenye semina alitusomea, Katiba ya 2010 kifungu cha 54 chasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na utu na aitwe kwa jina lisilomdhalilisha, na ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ambao Kenya iliuridhia 2008 wasema wazi tuna haki ya kuoa na kuolewa. Kuolewa bila kupendwa itakuwaje? Na picha pia zina sheria, kuna ile ya 2018 ya makosa ya kompyuta na ile ya 2019 ya ulinzi wa data, lakini wallahi ukimuona mwanamke wa Mtongwe ameingia stesheni kuripoti picha ya kigutu niambie, ataanza kuulizwa nawe ulituma ya nini.

Kuhusu majina, mimi kiwete hainiumi ikitoka kwa bibi yangu, yeye ndo neno alilonalo na alilisema akinipangusia machozi. Ila likiandikwa na kijana kwenye komenti lina harufu nyingine. Na mumeona ajabu ya Kiswahili chetu, kiwete, kipofu, kiziwi, kilema, yote yamevaa ki ile ile ya kiti na kijiko, mwalimu atakwambia hapana ni ngeli ya A-WA, sawa, lakini sikio lishasikia kiti.

Na Mombasa jamani tungekuwa wa kwanza kujua haya. Karakana za Bombolulu ziko pale barabara ya Malindi tangu 1969, watu wenye ulemavu wafanya kazi pale, shanga, nguo, vinyago, viti vya magurudumu. Sio watu wa kusimuliwa hao, ni majirani.

Grupu yetu tuliifungua upya na admini ni mimi. Watu wanadhani niliweka sheria wanaume wasiingie, hapana, wako wanne, mmoja kaka yake dada, mmoja fundi wa miguu ya bandia, na wawili walisema wazi kabisa sisi huvutiwa na wanawake kama nyinyi, mkituona hatufai mtutoe. Kelele zilikuwa nyingi siku hio. Nikawaambia hao wawili kaeni, lakini inboksi ya mtu hamuingii mpaka yeye awakaribishe, picha hamuombi, na swali ambalo huwezi kumuuliza shemeji yako mwenye miguu miwili mbele ya watu basi na hapa usiliulize, na ukiambiwa hapana usirudi kesho na emoji ya maua. Mmoja alitoka wiki ya pili. Mwengine yuko, na juzi ndo aliyetushtua kuna mtu mpya anauliza maswali kwa mpangilio anaoujua yeye, juu ya goti ama chini, ya mwaka gani, una video, tukamtoa kabla hajapata kitu. Sisi tusingemjua.

Feri yaja, nafunga. Bwana Mhariri nawaomba moja tu, mkiitoa hii barua msiweke picha ya mguu, wala magongo, wala kile kiti cha magurudumu kitupu ambacho hukiweka kila mkituandika. Wekeni ya feri.

Fundi wa Mtongwe
Likoni, Mombasa
(jina langu mnalo, lifungieni)