Mafunzo ya ultrasaundi ya moyo wa kichanga: Jumamosi

Habari za jioni madaktari. Jumamosi tunaanza saa 2 asubuhi kamili, si ile saa 2 yetu ya Tanga. Tutakaa zaidi kwenye mshipa unaounganisha ateri ya mapafu na aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Kwa mtoto aliyezaliwa miezi ikiwa imetimia, kwa kawaida mshipa huo hujifunga ndani ya siku 3 baada ya kuzaliwa. Kwa njiti unaweza kubaki wazi, damu ikazidi mapafuni, nasi tukadhani nimonia. Jeli ipashwe joto kwanza, jamani! Juzi niliipaka ya baridi, kitoto kikakunja miguu, kikalia, picha ikapotea. Tukihisi kasoro ya kuzaliwa, tunamwita daktari wa moyo, hatujifanyi wajuzi. Wa Pongwe na Muheza, pandeni gari mapema. Chai na mihogo ipo.