Mkutano wa Jumamosi kuhusu disleksia

Wazazi na walimu wapendwa, assalaam aleikum na salamu kwenu nyote.

Jumamosi hii, saa kumi alasiri, tutakutana Tononoka kuzungumzia disleksia, yaani hali inayomfanya mtu apate ugumu wa kusoma na kuandika maneno kwa usahihi. Ningependa tuanze na Carol Greider, Mmarekani ambaye utotoni alipewa masomo ya ziada ya tahajia kwa kuwa herufi zilimchanganya, akajizoeza kuyakariri maneno badala ya kuyatamka herufi kwa herufi. Alipoomba nafasi ya uzamivu, alama zake za mtihani wa kujiunga zilikuwa za chini, na ni vyuo vichache tu vilivyomwita kwenye mahojiano. Berkeley kilimpokea, na huko mwaka 1984, akiwa mwanafunzi wa Elizabeth Blackburn, akaiona dalili ya kwanza ya telomerasi, kimeng'enya kinachorefusha ncha za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli. Mwaka 2009 wote wawili, pamoja na Jack Szostak, walitunukiwa Nobel ya Tiba.

Jack Horner, mtafiti mashuhuri wa dinosau, naye ana disleksia na hakumaliza shahada.

Siwataji ili tuwadai watoto wetu umaarufu, maana huo ungekuwa mzigo mwingine. Mtoto anayesoma b akaiita d, huku kidole kikifuata mstari, si mvivu, na kumwita mjinga mbele ya wenzake kunamuumiza mno.

Tafadhali njooni na daftari moja la mtoto, bila kulisahihisha, ili mwalimu wa elimu maalumu alipitie pamoja nanyi na kutueleza utaratibu wa tathmini.