Tulikwenda Misali, usinikasirikie

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Huku Chake, Pemba, sote hatujambo, na wanao wamekuwa weusi kwa jua, wanakula kumshinda baba yao. Ama baada ya salamu, nina jambo bora ulisikie kwangu kabla hawajakwambia wenyewe: Jumamosi tulikwenda kisiwa cha Misali. Kwa mashua.

Najua. Tangu ile meli iliyozama Septemba 2011 ikija huku kwetu, ukisikia habari ya chombo roho inakuruka. Hata wanao umewaleta kwa ndege. Kwa hiyo nilikwenda kumwona nahodha siku mbili kabla, nikahesabu majaketi ya kuokolea, nikauliza mashine ina umri gani. Jaketi la mdogo lilimpwaya, nikamkaza kwa kanga juu yake. Alikaa kama kifurushi.

Mimi unanijua. Dubai, Maskati, Guangzhou, nimekwenda mpaka nimeacha kuhesabu, na boti za Unguja nimelala juu ya marobota ya vitambaa. Lakini tulipotoka bandari ya Wesha nikajikuta natupa macho huku na huku, natafuta mzigo wangu. Mzigo gani! Kapu la mihogo na samaki wa kukaanga, na madafu. Miaka yote hiyo sijapata kupanda chombo bila ya kitu cha kuuza au cha kulipia ushuru. Sikujua mikono niiweke wapi.

Kwenda kulikuwa raha tupu. Upepo wa kaskazi umejaa tangani, mashine imezimwa. Nahodha akamwambia mkubwa kuwa ng'ambo ya Misali mwamba unakatika ghafla, na huko mkondoni kina kinafika kama mita 800. Mkubwa akanyamaza, mara ya kwanza tangu afike. Mdogo hakutaka bahari wala ndege wa baharini, alitaka kata ya kufulia maji yanayoingia chomboni. Alifua mpaka ngama, pale chini yanapokusanyika maji, ikakauka, kisha akalia kwa kuwa maji yamekwisha. Ikabidi baharia amwage ndoo moja kwa siri.

Kisiwani niliwahadithia kama bibi yangu alivyonihadithia: Nabii Hadhara alifika, akaomba msala asali, msala haukupatikana, akasema basi kisiwa hiki ndicho msala wangu, maana kimeelekea kibla. Mkubwa akatoa simu ahakikishe kwenye ramani. Intaneti haikushika, alhamdulillahi.

Wavuvi waliopiga dago, kambi yao ya uvuvi, walitupa pweza. Wakatueleza kuwa tangu 1998 pale ni hifadhi, na upande mmoja hakuvuliwi kabisa. Kasa hupanda kutaga, ila sisi tuliona shimo tu mchangani. Mdogo alikaa kando yake akingoja.

Sasa kosa langu. Nahodha alitaka tuondoke kabla maji hayajapwa, mimi nikasema wacha watoto wale kwanza. Kurudi upepo ukawa wa omo, unatoka mbele, kila wimbi linatupiga usoni, mkubwa akatapika mihogo yote. Tulipofika Wesha maji yamekwishakupwa, mashua ikakwama mbali na diko la kushukia, tukashuka matopeni hadi magoti, mimi na mtoto mgongoni. Kiatu kimoja cha mdogo kimebaki mikokoni. Kile kipya, ndiyo.

Nahodha ameuliza kama tutakwenda tena wiki ijayo. Nimemwambia nitamuuliza mama yao. Basi nakuuliza.

Mama yako