Kichefuchefu cha methadoni: ulizeni saa kabla ya kugusa dozi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme juu ya jambo linalowatoa watu kwenye tiba ya methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa waraibu wa heroini (unga) ili waiache, katika wiki za mwanzo, kabla tiba yenyewe haijapata muda wa kufanya kazi. Jambo hilo ni kichefuchefu. Mtu amekubali kuacha unga, ameandikishwa, anakwenda dirishani kila asubuhi kunywa dawa mbele ya mhudumu, kisha anatapika siku ya tatu, ya nne na ya tano. Nyumbani wanasema dawa imemkataa. Maskani wanamwambia unga haujawahi kumtapisha hivyo. Wiki ya pili haonekani tena kliniki.

Tangu kliniki ya kwanza ya umma ifunguliwe Muhimbili mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala, Temeke, Kidongo Chekundu kule Zanzibar na nyingine mikoani, familia nyingi zimeielewa methadoni kwa ujumla wake. Ambalo halijaelezwa vya kutosha ni kwamba kutapika kwa mtu aliye kwenye methadoni kuna sababu zaidi ya moja, na sababu hizo zinataka hatua zinazopingana. Mmoja anapaswa kupunguziwa dozi, mwingine kuongezewa, na wa tatu dozi yake isiguswe kabisa. Ukikosea, unamrudisha mtu kwenye unga au unamtia katika hatari ya kuacha kupumua.

Swali la kwanza, basi, liwe: kichefuchefu kinakuja saa ngapi?

Methadoni ya kunywa hufika kileleni katika damu kati ya saa mbili na nne baada ya kumezwa. Kichefuchefu kinachoanza saa hizo, huku mtu anasinzia, anajikuna na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, kinatokana na dawa yenyewe. Dawa za jamii ya afyuni hugusa sehemu ya ubongo inayoamrisha kutapika, hulichelewesha tumbo kumwaga chakula, na huchokoza kiungo cha ndani ya sikio kinacholinda mizani ya mwili. Hilo la sikio watu hawalijui, na ndilo linaloeleza kwa nini mgonjwa aliyetulia akiwa amekaa anatapika akipanda daladala. Kwa mtu wa namna hii, kukaa au kulala bila kutikisa kichwa katika saa zile mbili tatu husaidia kuliko vidonge vingi. Mara nyingi hali hii hupungua yenyewe ndani ya siku chache hadi wiki kadhaa, mwili ukishazoea; isipopungua, huyu ndiye wa kupunguziwa dozi.

Kichefuchefu cha alfajiri, kabla ya kunywa dozi ya siku hiyo, ni kitu kingine. Kikija na miayo, makamasi, machozi, vinyweleo kusimama, tumbo kukata na mboni za macho kupanuka, hiyo ni arosto, yaani mwili unadai dawa uliyoizoea. Dozi ya jana haikufika asubuhi. Mtu huyu akipunguziwa dawa kwa sababu tu kadi yake imeandikwa "anatapika", atatapika zaidi, na unga utamtuliza ndani ya dakika chache. Yeye anahitaji kuongezewa, tena taratibu.

Nasema taratibu kwa sababu methadoni hujilimbikiza. Dozi ya kwanza kwa kawaida huwa kati ya miligramu 15 na 30, na nyongeza huwa miligramu 5 hadi 10 baada ya siku kadhaa, mpaka wengi watulie kati ya 60 na 120. Huchukua siku tano hivi kwa kiasi kilichomo mwilini kutulia kwenye kiwango kimoja. Kwa hiyo dozi ileile iliyoonekana ndogo siku ya kwanza inaweza kuwa nzito siku ya nne. Mgonjwa mpya anayetapika huku amelewa usingizi, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, haamki hata akiitwa kwa nguvu, anapumua mara chache au midomo imegeuka rangi, asiachwe "apumzike kidogo". Alazwe ubavu ili matapishi yasimpalie, akimbizwe hospitali, na wanaompeleka waseme waziwazi kwamba yuko kwenye methadoni ili apewe mapema naloksoni, dawa inayozima nguvu ya afyuni. Naloksoni huisha nguvu kabla ya methadoni, hivyo akizinduka asirudishwe nyumbani palepale.

Sasa dozi iliyotapikwa. Hapa ndipo panapozuka ugomvi dirishani, na ninawaelewa wote wawili. Mgonjwa anaona dawa yake imemwagika chini. Mhudumu anajua kwamba akirudia dozi ambayo nyingi ilikwishaingia mwilini, anaweza kumuua mtu. Miongozo mingi hutazama mambo mawili: dakika zilizopita, na kama mhudumu ameshuhudia. Akitapika katika dakika chache za mwanzo mbele ya mhudumu, dozi inaweza kurudiwa yote au sehemu yake. Kadiri muda unavyosogea kinachorudishwa hupungua, na baada ya saa moja hakirudishwi kitu. Ushauri unaofaa ni mwepesi: anayejijua hutapika abaki kwenye eneo la kliniki nusu saa baada ya kunywa, na akitapika amwite mhudumu kabla ya kusafisha. Asiende nyumbani kuongezea kwa unga au kwa methadoni ya mwenzake. Akifanya hivyo, hakuna anayejua tena kilichomo mwilini mwake.

Sababu ya tatu husahaulika sana: kukosa choo. Mwili huzoea kichefuchefu cha methadoni, lakini utumbo hauzoei sana kuzubaishwa nayo. Mtu anaweza kukaa siku nne au tano bila choo, tumbo limejaa, hamu ya kula imekatika, na kila akila anahisi kutapika. Huyu wala hahitaji dawa ya kuzuia kutapika. Anahitaji maji ya kutosha, mboga za majani, papai, kutembea, na mara nyingi dawa ya kulainisha au kuchochea choo kama bisakodili miligramu 5 hadi 10 usiku au senna. Ila tumbo likiwa limevimba, linauma sana na hata upepo hautoki, asipewe dawa ya kuendesha. Aende hospitali, huenda utumbo umeziba.

Duka la dawa ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko zote. Mtu anaingia, anasema anatapika, hasemi yuko kwenye methadoni kwa sababu anaogopa kuangaliwa kwa jicho baya. Anapewa promethazini, ambayo inaongeza usingizi juu ya usingizi. Au anajinunulia Valium, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, "itulize tumbo", na mchanganyiko wa Valium na methadoni, hasa pombe ikiwemo, huzima pumzi. Ondansetroni na domperidoni, dawa za kuzuia kutapika, zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo kwa namna ileile ambayo methadoni yenyewe huyavuruga dozi ikiwa kubwa. Kutapika nako hupoteza potasiamu na magnesiamu, na upungufu huo unaongeza hatari hiyohiyo. Metoklopramidi miligramu 10 kwa siku chache ndiyo hutumiwa zaidi, lakini nayo inaweza kumkaza mtu shingo na taya, hasa kijana, na haifai kuchanganywa na haloperidoli ambayo baadhi ya wagonjwa wetu wanaitumia kwa tatizo la akili. Ndugu zangu wauza dawa, ulizeni kwa sauti ya chini: "Uko kwenye dozi ya methadoni?" Akiitikia, mrudisheni kliniki kwake.

Kuna wanaotumia dawa za kifua kikuu. Rifampisini hulifanya ini livunje methadoni haraka mno, na katika wiki moja hadi mbili mtu aliyekuwa ametulia miezi mingi anaamka na arosto, anatapika, na wote wanalaumu vidonge vya TB. Dawa za VVU efavirenzi na nevirapini, kwa wachache ambao bado wanazitumia, hufanya vivyo hivyo. Dolutegraviri, nayo ya VVU, haina shida hiyo. Kwa anayeanza rifampisini, dozi ya methadoni huongezwa kwa kumfuatilia kwa karibu tangu mwanzo. Kinachosahaulika ni upande wa pili: rifampisini ikimalizika, ini hurudi kwenye mwendo wake ndani ya wiki mbili hivi, na dozi iliyoongezwa sasa imekuwa kubwa mno. Lazima ishushwe. Pia, mgonjwa wa TB anayetapika na macho yake yana manjano apimwe ini siku hiyohiyo.

Mjamzito asiachishwe methadoni kwa sababu ya kutapika. Arosto ni hatari kwake na kwa mtoto. Kliniki inaweza kuigawa dozi yake mara mbili kwa siku, na miezi ya mwisho mara nyingi huhitaji kuongezewa.

Kuhusu chakula, wengi hufika dirishani hawajala tangu jana, wamevuta sigara mbili tatu njiani, wakanywa dawa kwa mkupuo. Uji mwepesi, kiazi kitamu au kipande cha mkate nusu saa kabla ya dozi haviharibu dawa. Vitu vyenye mafuta mengi viahirishwe hadi mchana. Chai ya tangawizi inawasaidia baadhi. Dawa inywewe polepole, maji yafuate kidogo kidogo. Anayeshindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima anywe maji ya ORS (chumvichumvi ya paketi) kijiko kwa kijiko huku akipelekwa hospitali. Na mwenye nia ya kufunga Ramadhani azungumze na kliniki kabla mwezi haujaandama, ili saa ya dozi ipangwe kwa mpango, badala ya kuruka siku. Aliyekosa dozi siku tatu mfululizo asitarajie kurudia kiasi chake cha zamani kabla ya kupimwa upya, kwa sababu mwili umeshaanza kusahau.

Ombi langu kwa wasimamizi wa huduma hii ni dogo na halihitaji mashine. Kadi ya mgonjwa iwe na nafasi ya mambo manne: kichefuchefu kilianza saa ngapi baada ya dozi, mboni za macho zikoje, choo cha mwisho kilikuwa lini, na dawa gani nyingine anatumia. Maswali haya hayamalizi dakika tatu. Metoklopramidi na bisakodili zitolewe palepale kliniki, kwa sababu mtu mwenye nauli ya safari moja kwa siku hawezi kutumwa kuzitafuta mjini.

Mfamasia,
Dar es Salaam