Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama, Tabora

Ndugu wanachama, wazee wangu na mama zetu, shikamooni kwa wanaostahili. Sitawachosha.

Shughuli za kawaida mnazijua, misiba 4 tulienda, rambirambi zilitoka, meza yetu ya ushauri wa sheria ya Jumamosi pale Isevya iliendelea na watu walikuja na mambo yaleyale ya mirathi na mafao. Tupite.

Sasa lile la mgeni. Nimeyasoma maneno kwenye grupu la wasap, mengine ya saa 6 usiku, eti mwenyekiti kala 412,000 kumleta mwanasheria mstaafu wa jeshi toka Dodoma aje kutueleza kazi ya wanasheria wa jeshi, wakati "hiyo kazi si tumeifanya wenyewe miaka yote". Hela ile ni nauli kwenda na kurudi, lodge siku 2, msosi na kukodi viti, risiti ziko kwa mhazini, na ile asali aliyoondoka nayo niliinunua kwa hela yangu mfukoni, hilo sijaona aliyeliuliza.

Mnasema kikao hakikupitisha. Kikao kipi jamani? Niliita mara 3, tuko 46, mara ya mwisho mlikuja 9 na mmoja wenu alifuata mwavuli aliousahau. Ningesubiri akidi mgeni angekuwa hajapanda basi mpaka leo.

Na nilimwita kwa sababu vijana wetu wanadhani mwanasheria wa jeshi kazi yake ni kufunga askari tu. Mgeni akaanzia hapahapa kwetu, Januari 1964, askari wa Tabora walivyoasi siku moja baada ya wenzao wa kambi ya Colito kule Dar, jeshi lile likavunjwa, jeshi la sasa, JWTZ, likazaliwa Septemba 1 mwaka uleule, Sheria ya Ulinzi wa Taifa ikaja 1966. Ukumbi kimya. Akasema kwenye mahakama ya kijeshi wanaoamua ni maofisa, mwanasheria mmoja anawashauri tu sheria inasemaje, mwingine anashitaki, mwingine anamtetea huyohuyo askari. Projekta ikazima, akachukua chaki akachora shule na adui kajificha ndani, akauliza unapiga au hupigi? Ndo akatuletea Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, ile ya sheria za vita, kifungu cha 82, kwamba makamanda lazima wawe na wanasheria wa kuwashauri. Mwenzetu aliyewahi kwenda Kongo akasimama akasema mwanasheria anatakiwa pale kabla risasi haijatoka, sio kesi ikishafika.

Halafu kuna mama mjane alibaki na bahasha yake ya kaki yenye karatasi za marehemu mumewe, kazungushwa mwaka mzima. Mgeni akasoma dakika 5 akaweka kidole kwenye jina la marehemu, herufi moja haifanani na ya kitambulisho. Basi. Kwangu mimi 412,000 iliisha kazi yake pale.

Ada. Ni 5,000 kwa mwezi, waliomaliza ni 13, madeni yote yanapita milioni 1 na laki 4. Katika wanaopiga kelele zaidi watatu hawajatoa kitu toka mwaka juzi, sitaji majina, daftari liko wazi.

Mwakani Mungu akijalia tutafute ofisi, tufuatilie usajili wa kutoa msaada wa kisheria kwa ile Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na mfadhili akipatikana tufike hata Kigoma.

Kikao kijacho ni saa 4 asubuhi, sio saa 6. Na kuna mwavuli mwingine umebaki kwa katibu, wa bluu, mwenyewe aufuate na ada yake.