Korona ya mashambani kwetu

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Korogwe. Sisi huku hatujambo, vuli imeanza na njia ya shambani imekuwa utelezi mtupu. Juma lililopita nilikwenda kule korona, kiwanda cha zamani cha kusindika mkonge, na tangu nirudi sijaona wa kumsimulia ila wewe.

Paa limebaki nusu. Mkuyu umeota ndani, pale walipokuwa wakipanga majani. Lakini gurudumu kubwa bado lipo, somo! Nimeligusa. Vile visu vyake butu vilivyokuwa vikiponda jani huku maji yakimwagika vimeliwa na kutu, na katikati ya viwili nikakuta singa chache, zile nyuzi za mkonge, zimenasa, kavu, bado nyeupe kidogo. Nimekutilia moja humu kwenye bahasha. Unakumbuka ile harufu chachu ya makapi? Babu alikuwa akituambia kuwa katika jani zima singa ni kama sehemu nne tu katika mia, mengine yote ni maji na takataka. Sasa hainuki tena kitu.

Na mmea wenyewe ulikuja kama mgeni. Mwaka 1893 Dakta Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, iliyosalimika ikawa 62 tu, ikapandwa Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 mkoa wetu ukajaa mkonge hadi upeo wa macho. Ndiyo ikawaita babu zetu, wako kutoka Songea, wangu kutoka Buha, wakaandikwa kwa namba hata wakaitwa manamba. Inaniuma kwamba habari za mashamba husimuliwa kwa majina ya wenye mali, na hao waliokata majani wanabaki namba vilevile.

Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani. Wengi hapa wanasema kilichoiua ni serikali kuchukua mashamba mwaka 1967. Mimi sikubali kwamba ni hilo peke yake. Uendeshaji ulilegea, kweli, lakini kamba za plastiki zilikuwa zimeshaingia sokoni na bei ilianza kuporomoka kabla ya hapo.

Ninachokuomba kwa barua hii ni hiki. Reli ya toroli imeng'olewa yote, imeuzwa vyuma chakavu, na kwenye gurudumu nimeona alama mpya za msumeno. Kile kipande cha babu yako, kadi yake ya kazi yenye visanduku vya siku 30, mama bado anacho kwenye sanduku lake? Mwombe akupe ukipige picha pande zote mbili, halafu unitumie. Mimi ninacho kisu cha babu cha kukatia mkonge, mpini wake umelika pale kidole gumba kilipokaa. Nataka viwekwe pamoja.

Jumamosi narudi na kijana mmoja mwenye kamera, tulipige picha gurudumu kabla hawajalimaliza. Nisalimie mama na watoto.

Ni mimi somo yako.