Neno "vipuri" halitoshi tena kwenye ankara

Ndugu Mhariri,

Kila mzigo wa Ulaya unapokwama siku hizi, lawama inaangukia ICS2, mfumo wa forodha wa Umoja wa Ulaya unaotaka taarifa za usalama za shehena mapema. Mimi ni wakala wa usafirishaji, na mfumo huo umeninyima usingizi si mara moja. Lakini mizigo mingi niliyoiona ikikwama ilikuwa imekwama tangu kwenye ankara ya muuzaji.

Mteja wangu mmoja alileta katoni zake, ankara ina neno moja tu: "vipuri". Vya cherehani? Vya trekta? Nilipompigia simu akasema, "Andika hivyo hivyo, miaka yote tunaandika hivyo." Kweli, miaka yote ilipita. Sasa forodha ya Ulaya haipokei maelezo ya namna hiyo, na inataka pia msimbo wa HS, yaani nambari ya kimataifa ya kutambulisha bidhaa, wenye tarakimu sita kwa kila aina ya bidhaa. Baada ya simu nne nikajua ni breki za magari. Hapo napo bado: pedi iliyokwisha kubandikwa kwenye bati lake iko 8708.30, ila kitambaa cha breki kitupu kiko 6813. Nikiwa ofisini kwangu, bila kufungua katoni, nitajuaje? Kontena lilikuwa la kuchangia, na wenzake walioandika vizuri wakaikosa meli pamoja naye.

Taarifa hizo za ICS2 huwasilishwa kwa "tamko la kabla ya kuwasili", na jina lenyewe linawapoteza watu. Wanadhani meli ikishang'oa nanga kuna wiki kadhaa za kurekebisha makaratasi. Kwa makontena ya safari ndefu za baharini, tamko linatakiwa saa 24 kabla ya kupakiwa katika bandari inakotoka shehena. Kwa ndege, taarifa za msingi zinatakiwa kabla mzigo haujaingizwa ndani, na forodha inaweza kuagiza usipakiwe kabisa. Anayeona huo ni usumbufu akumbuke Oktoba 2010, vifurushi viwili kutoka Yemen vilipokutwa na mabomu ndani ya katriji za printa, kimoja Uingereza na kingine Dubai. Kuukagua mzigo wa namna hiyo baada ya ndege kutua ni kuchelewa.

Wala hatuwezi kusema tumeshtukizwa. Vifurushi vya posta na vya haraka vya ndege vilianza kuingizwa kwenye mfumo huu Machi 2021, shehena zote za ndege Machi 2023, meli Juni 2024, kisha barabara na reli Aprili 2025. Mawakala tunaotoa hati za usafirishaji za mteja mmoja mmoja chini ya hati kuu ya kampuni ya meli tuliguswa Desemba 2024. (Wakala asiyetaka kampuni ya meli iwajue wateja wake anaruhusiwa kuwasilisha mwenyewe sehemu yake ya tamko. Wengi hawalijui hili.) Na shehena inayopita tu kwenye bandari ya Umoja wa Ulaya bila kushushwa nayo hutolewa tamko.

Ombi langu kwa waagizaji na wauzaji ni dogo. Maelezo ya bidhaa, msimbo wa HS, anwani kamili za pande zote na nambari ya EORI (ya usajili wa forodha ya Umoja wa Ulaya) ya mpokeaji aliye Ulaya viandikwe wakati wa kukubaliana oda, kabla katoni hazijafungwa. Muuzaji ndiye anayejua alichotengeneza. Akiniachia mimi nikisie usiku wa mwisho, nitakisia, na faini ya kukosea tutagombania sote. Yule mteja wa breki siku hizi ananitumia na picha za bidhaa. Kontena lake la mwisho nililiwasilisha bila kumpigia simu hata moja.

Wakala wa usafirishaji wa mizigo